Kopo la Vitana vya Mama

Ndugu zangu waligawana vitu vya mama kwa amani kabisa, na mimi nikapata kopo. Usinicheke, rafiki yangu, ngoja nikueleze. Kaka alichukua cherehani, yeye ambaye hata uzi hajui kuutunga kwenye sindano. Mdogo wangu akachukua mablanketi na redio. Shamba la ulezi kule Msanzi tulikubaliana libaki la wote, maana kulilima hakuna aliyetaka na kuliuza hakuna aliyethubutu. Mwisho likabaki kopo kubwa la biskuti lililofungwa kwa mpira wa baiskeli. Kila aliyelifungua alichungulia, akalifunga. Kaka akasema, kwa ule ukarimu wake wa kutoa asichokitaka, kwamba vitu vya kike apewe mwanamke.

Basi nikalichukua. Tulikuwa tumetoka kwenye misa ya kumwombea marehemu, wageni wamekula na kuondoka, na upepo wa Julai, ule usiohitaji kuelezwa kwa mtu aliyekulia Sumbawanga, ulikuwa unapita kwenye kila tundu la sweta yangu. Nikaenda nyuma ya nyumba panapopata jua, nikakaa kwenye kigoda, nikaufungua ule mpira.

Vilikuwemo vyote. Kitana cha shaba chenye mpini wa mbao, kile cha kupasha jikoni, tulichokiita kitana cha moto. Machanuo mawili ya mbao, moja limepungua meno. Rola za plastiki, za kijani na za waridi. Mkasi. Mswaki mkongwe uliobaki na nywele chache kama ndevu za mbuzi. Na vyote vilikuwa vichafu. Mkasi ulikuwa na kutu, na kwenye meno ya vitana vumbi lilikuwa limegandamana na mafuta ya siku nyingi. Hapo ndipo yalipokuja machozi yaliyonikatalia kanisani. Mama yangu hakuwahi kulaza kitana kichafu, isipokuwa mara moja tu, ambayo nitakusimulia. Nikajua mikono yake ilikuwa imechoka kuliko alivyokuwa akituambia kwenye simu.

Nikaenda kutafuta majivu na sabuni.

Mama alikuwa msusi, lakini si wa saluni. Saluni zilikuwa mjini kati. Kwetu Katandala, mwanamke aliyetaka kupendeza Jumapili alikuja uani kwetu Jumamosi, akakaa kwenye mkeka, akaweka kichwa kati ya magoti ya mama. Wengine walisuka. Mwenye haraka alifungwa twende kilioni akaondoka zake. Lakini sikukuu zikikaribia wote walitaka kuchoma nywele zilale, na hapo jiko la mkaa liliwashwa mapema. Mama alikipasha kitana, akakijaribu kwenye kitambaa cheupe. Kitambaa kikigeuka rangi, kitana kingoje kipoe. Kikibaki cheupe, ruhusa. Mteja alikunja sikio kwa vidole viwili, akafumba macho, na mafuta yakalia chwii. Pembeni maharage yalikuwa yanatokota kwenye jiko jingine, na kutoka kanisani ilisikika kwaya ikijifunza wimbo, ikirudia ule mstari mmoja uliowashinda sauti ya tatu. Mpaka leo nikisikia kwaya inafanya mazoezi, pua yangu inasikia nywele.

Mimi niliogopa kitana cha moto kuliko nilivyoogopa mbwa. Nilichopenda mimi ni usafishaji, jioni, mteja wa mwisho akishainuka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu na mama. Machanuo na rola tulivitia kwenye beseni la maji ya vuguvugu na sabuni ya mche, tukaviacha vijilegeze. Mimi nilipewa mswaki na sindano kubwa ya magunia. Nikachokonoa kati ya jino na jino mpaka uchafu utoke. Kitana cha moto hakikulowekwa, maana mpini wake wa mbao ungeoza. Hicho mama alikisugua mwenyewe kwa majivu na gunzi la mahindi, taratibu, kwa kufuata meno, mpaka kile cheusi cha mafuta yaliyoungua kitoke na shaba ionekane. Kisha akakipangusa, akaupaka mpini mafuta ya alizeti. Mkasi ulipata tone la mafuta ya cherehani kwenye msumari. Vyote vikaanikwa kwenye ungo. Mama alikuwa na msemo wake: kitana ni kijiko, ukishakilamba usimpe mwenzio. Na alipotaka kumsema mwanamke fulani vibaya, hakusema mvivu wala mbeya. Alisema tu, huyo sijaona kitana chake.

Sasa lazima nikueleze jambo la kwetu. Nywele zilizobaki kwenye kitana hazikutupwa. Kila kichwa kilipomalizika, mama alizivuta, akazizungusha kidoleni zikawa kiduara, akazifunga kwenye kipande cha karatasi na kumkabidhi mwenyewe. Mwenyewe akaziweka kwenye pindo la kanga, akaenda nazo. Kama alizichimbia au alizitumbukiza chooni, hiyo ilikuwa siri yake. Kuzichoma moto, hapana. Wazee walisema mtu ataumwa kichwa asipone. Wewe unayesoma ukiwa mbali najua unacheka. Ukisema unatoka Sumbawanga watu wanakutania, wanakuomba usiwaroge, na sisi tumezoea, tunacheka nao. Lakini mtu anayetoka mahali panapotaniwa hivyo hujifunza mapema asiache kitu chake kwa mtu, wala asibaki na cha mtu. Mama hakuwahi kuniambia kama anaamini au haamini. Alisema nywele ni za mwenyewe, basi.

Nyumba iliyofuata baada ya yetu alikaa jirani ambaye pia alikuwa mama yangu wa ubatizo. Alizaliwa Kirando, ziwani, akaolewa huku juu. Alikuwa anauza dagaa na migebuka mikavu, kwa hiyo ungeweza kujua yuko wapi hata kabla hujamwona, na alicheka kwa sauti ambayo baba yangu alisema inafaa kuita mashua. Nywele zake alizipaka hina, jambo alilojifunza kwa marafiki zake Waislamu wa kule mwambao, na zilikuwa nyekundu kama udongo wa barabara ya Kalambo. Katandala nzima hakukuwa na kichwa kingine cha rangi ile. Alipoolewa, ndugu zake walimwonya awe macho na watu wa juu. Sisi nasi huku juu tulikuwa tunaonywa kuhusu watu wa ziwani, kwa hiyo yeye na mama walianza sawa. Walipeana moto, chumvi, mwiko, na siri. Kila mama alipomkabidhi kile kikaratasi chake cha nywele alimwambia shika uchawi wako, na yule akajibu wenu unanitosha, wakacheka mpaka kuku wakashtuka.

Mwaka ninaousema nilikuwa najiandaa kwa Komunio ya kwanza. Jirani ndiye angesimama nyuma yangu kanisani na kuniwekea mkono begani. Na ndiye alikuwa ameahidi kunishika masikio siku nitakapochomwa nywele kwa mara ya kwanza, maana mama peke yake asingeniweza. Nilikuwa sitaki mkono mwingine.

Jumamosi Kuu ya mwaka huo wanawake walijaa uani kama kwenye harusi. Mama alichoma kichwa baada ya kichwa bila kupumua. Kwa kawaida alikipangusa kitana kila mara kabla ya kugusa mtu mwingine. Siku hiyo alikipasha na kuendelea, akakipasha na kuendelea. Jirani alikuwa wa mwisho. Aliwapisha wengine wote, kwa sababu yeye ni wa nyumbani, na wa nyumbani hula baada ya wageni. Mama alikuwa ndio kwanza amemaliza upande wa pili mvua ilipotukuta, ile ya mwisho wa masika inayokuja bila hodi. Mikeka ikakunjwa, jiko likaingizwa ndani likitoa mvuke, vitana vikatupwa kwenye kikapu jinsi vilivyo. Jirani akajifunika kanga akakimbia kwake. Usiku ulikuwa wa kesha la Pasaka. Kile kikaratasi hakikufungwa.

Bibi yangu, mama yake mama, alikuwa amekuja kutoka Msanzi kula nasi sikukuu, na unga wake wa ulezi kichwani. Jumatatu ya Pasaka, mama akiwa ametoka kumwona mgonjwa, bibi alikiona kile kikapu. Bibi hakuweza kukaa chumba kimoja na uchafu. Akaosha machanuo, akaosha rola, akavianika kwenye ungo. Kitana cha moto hakukigusa. Kwake kile kilikuwa chuma cha watu wa mjini, asije akakiharibu. Zile nywele nyekundu alizozikuta kwenye chanuo alizijua ni za nani, akaona si adabu kuzitupa. Akafanya kama wanavyofanya kijijini. Akazifunga kwenye kitambaa, akazisokomeza kwenye ufa wa ukuta wa jiko, pale pale ambapo watu wa zamani waliweka sindano, mbegu za maboga na kila kitu kisichotakiwa kupotea. Alikusudia kumwambia mama. Lakini lori la kwenda Msanzi lilipiga honi kabla mama hajarudi, na lori lile ukilikosa umelikosa. Bibi akaondoka. Mama aliporudi alikuta vitana vinang'aa kwenye ungo, akaamini kila kitu kimesafishwa, akavitia kwenye kopo pamoja na kitana cha moto bila kukitazama, akalifunga.

Baada ya sikukuu hakuna aliyechoma nywele. Watu walikuwa mashambani wanang'oa maharage, na waliokuja Jumamosi walisuka tu. Lakini jirani alianza kufunga kitambaa kichwani hata siku zisizo na baridi. Nywele zake zilikuwa zinakatika. Zilianzia kwenye paji, zikaenda masikioni, akibaki nazo mkononi kila alipozigusa. Kwanza alifanya utani, akasema amezeeka kabla ya mumewe. Baadaye akaacha utani.

Asubuhi moja alikuja na kigae chake kuomba moto, kama kawaida. Mimi nilikuwa sakafuni napukuchua maharage. Mama aliinama kuchochea makaa, naye akaegemea ukuta akingoja. Nilimwona anatazama kitu. Akanyoosha mkono, akavuta kile kitambaa kwenye ufa, akakifungua. Unajua alichokiona.

Hakupiga kelele. Ningeshukuru angepiga kelele. Alimwonyesha mama na kumwuliza ni nini. Mama akazitazama zile nywele nyekundu, akatazama ufa, akasema hajui zimefikaje pale. Ilikuwa kweli tupu, na hapakuwa na neno baya zaidi ambalo angeweza kulisema. Jirani akazifunga nywele zake kwenye pindo la kanga, akaondoka. Kigae chake kilibaki sakafuni, makaa yakazimikia humo.

Tangu siku hiyo akaacha kupita uani kwetu. Kulikuwa na njia iliyopita kati ya mahindi yetu na choo chake, imechimbika kwa miguu ya hao wanawake wawili tu. Sasa alizungukia barabarani. Salamu alitoa, maana ana adabu, lakini alizitoa kwa mbali kama mtu anayerusha kitu. Sijui kama alimwambia yeyote. Labda hakusema, labda kile kitambaa kichwani kilitosha. Jumamosi iliyofuata wateja walikuwa na msiba, nyingine walikuwa na mavuno, ya tatu hawakuleta hata sababu. Bombani watoto wenzangu walisogeza ndoo zao nikifika. Lisemwalo lipo, walisema watu wazima, kama halipo laja. Baba alimwambia mama amwachie Mungu. Mama alimjibu kwamba Mungu hakai nyumba ya pili. Nami kwenye mazoezi ya Komunio, katekista alipotaka kila mtoto asimame na msimamizi wake, nilisimama na ukuta. Niliona aibu ambayo sijui niieleze vipi, na chini ya ile aibu kulikuwa na kitu kibaya zaidi. Nilianza kumtazama mama yangu mwenyewe kwa pembeni.

Mama alituma salamu Msanzi, bibi akaja na lori la kwanza. Alipoulizwa tu, alijipiga paja. Hakungoja hata uji. Alichukua kuku jike aliyekuja naye, akaenda moja kwa moja kwa jirani, mimi nyuma yake. Jirani alimwamkia shikamoo, akampa kigoda, akamsikiliza mpaka mwisho: mvua, kikapu, ufa, lori. Akasema nimesikia, mama. Kuku akamrudishia kwa mikono miwili. Tulipokuwa tunarudi, bibi akiwa na kuku wake kwapani, aliniambia kimya kingi kina mshindo mkuu. Lakini hata mimi, na udogo wangu, nilielewa shida ilipokuwa. Mama wa mtu atasema nini kingine?

Ikaja Jumamosi ya kuniandaa, siku moja kabla ya Komunio. Baridi ilikuwa imeanza. Mama akafungua kopo, akatoa kitana cha moto kwa mara ya kwanza tangu Pasaka, akakiweka jikoni. Kikatoa moshi. Moshi mzito wa samawati, na harufu iliyonifanya nikohoe. Mama akakijaribu kwenye kitambaa cheupe, kikaacha mstari mweusi unaonata. Akakiweka chini kipoe. Kisha akakipeleka mlangoni kwenye mwanga, akakwaruza kati ya meno kwa kucha. Kati ya meno kulikuwa na gamba la mafuta ya vichwa vyote vya Jumamosi Kuu, limeungua na kugandana, gumu kama ukoko. Na ndani ya lile gamba zilikuwa zimenaswa nywele fupifupi nyekundu, zimekatika.

Hakukisafisha. Alivua kitambaa chake, akafumua mafundo yake mwenyewe, akazichana nywele zake kwa nguvu kwa chanuo, akazivuta zilizobaki kwenye meno, akazizungusha kidoleni. Akachana kipande cha karatasi ya kaki, akazifunga. Akaniambia nibebe kopo. Tukapita ile njia ya uani, ambayo ilikuwa imeanza kuota majani.

Jirani alikuwa anachambua dagaa juu ya gunia, na wanawake wawili wa mtaani walikuwa wamechuchumaa wakimpimisha. Nilidhani mama atangoja waondoke. Hakungoja. Alikiweka kile kitana juu ya gunia, mbele yao wote.

"Dada, sikuja kuapa," alisema. "Tazama meno yake. Siku ile nilichoma vichwa vyote bila kukipangusa, na wewe ukawa wa mwisho. Nywele zako nilizikata mimi, kwa uchafu wangu."

Fikiria, rafiki yangu. Msusi anayesema mbele ya wateja kwamba kitana chake ni kichafu amejifungia mlango kwa mkono wake. Lakini kati ya kuitwa mchawi na kuitwa mchafu, mama alikuwa amechagua. Jirani alikishika kitana, akakigeuza kwenye mwanga, akaziona nywele zake humo. Akauliza, na zile za ukutani je?

"Hizo mama yangu amekwambia. Sina la kuongeza." Mama akamnyooshea kile kikaratasi cha kaki. "Hizi ni zangu. Nimezitoa sasa hivi, mtoto ameona. Kaa nazo. Ukipatwa na jambo, mimi nimo mkononi mwako."

Wale wanawake wawili waliacha kupimisha dagaa. Sijui kama kuna mahali pengine ambapo maneno hayo ni mazito hivyo. Kwetu, mtu akikupa nywele zake kwa hiari amekupa kisu upande wa mpini. Jirani alikitazama kile kikaratasi, mikono yake ikinuka dagaa. Akakichukua. Akakifunga kwenye pindo la kanga, fundo la kukaza kwa meno. Kisha akanitazama mimi, si mama.

"Na wewe," akasema, "nani anakushika masikio leo?"

Nililia njia nzima kurudi, na yeye alikuwa nyuma yetu akinikemea kwamba macho mekundu hayapendezi na gauni jeupe. Mama akakaa chini akakisugua kile kitana mbele yake, majivu na gunzi, jino kwa jino, mpaka shaba ikaonekana, akampa akikague kabla hakijanigusa. Nilichomwa nywele nikiwa nimebanwa kati ya magoti ya mmoja na mikono ya mwingine. Kesho yake ule mkono ulikuwa begani kwangu, unanuka sabuni na dagaa kidogo.

Tangu hapo mama alihamisha usafishaji. Haukuwa tena wa jioni, sisi wawili peke yetu. Ulikuwa wa asubuhi, katikati ya uani, mteja akiona, na kila mmoja alikabidhiwa kitana akitazame kabla ya kukaa. Wateja walirudi mmojammoja, kwa aibu kidogo. Jirani naye alirudi kuketi kwenye mkeka, lakini kitana cha moto hakukiruhusu tena kichwani kwake. Alisuka tu mpaka uzeeni. Na mama hakuwahi kuuliza habari za kile kikaratasi. Utani wa shika uchawi wako uliisha, hawakuurudia. Nadhani ulikuwa umewagharimu.

Basi, Julai hii, nilikuwa nimeshaanika vitana juu ya ungo na vidole vyangu vimekufa ganzi, nikasikia fimbo inagonga kwenye saruji. Ni yeye, mama yangu wa ubatizo. Ile njia ya uani haipo, kaka alijenga ukuta, kwa hiyo alikuwa amezunguka kote barabarani na miguu yake ile. Yeye ndiye, pamoja na wanawake wa jumuiya, aliyemwosha mama na kumchana kwa mara ya mwisho. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaangalia ungo. Akachukua kitana cha moto, akakigeuza kwenye mwanga, akatazama kati ya meno. Akakirudisha kwenye ungo. Ndipo akaketi chini mbele yangu pasipo kuombwa, akavua kitambaa.

Nywele zake zimebaki chache, nyeupe, na hina ameiacha siku nyingi. Nikamchana kwa chanuo la mbao, polepole. Nilipomaliza nikazivuta zilizobaki kwenye meno, nikazizungusha kidoleni, nikachana kipande cha karatasi ya nyimbo za misa, nikazifunga, nikampa. Sikuwa nimefikiri. Mikono ilikumbuka yenyewe. Akazifunga kwenye pindo moja la kanga, halafu akaanza kuhangaika na fundo la pindo la pili. Ilimchukua muda. Akanipa kikaratasi cha kaki kilicholainika mpaka kikawa kama kitambaa.

Nikakifungua. Zilikuwa nyeusi. Nilikuwa nimesahau kabisa kwamba mama yangu aliwahi kuwa na nywele nyeusi.

Nikamwambia, kumbe ulimwamini miaka yote hii. Akacheka, ile sauti ya kuita mashua imebaki kidogo tu.

"Nani alikwambia nilimwamini? Nilizitunza kwa sababu nilimwogopa. Nikasema, akinigusa tena, ninazo."

Nikamwuliza, halafu?

"Halafu tukaishi, mwanangu. Siku nilipokuja kuzikumbuka, nikakuta nazitunza kwa sababu ni zake."

Alipoondoka nilizunguka nyumba nzima na kile kikaratasi mkononi. Nilikuwa natafuta ufa. Jiko la udongo lilibomolewa zamani. Sasa kuta zote ni za tofali za saruji, zimepigwa lipu na rangi, nzuri, hazina mahali pa kuweka hata sindano. Huko ninakoishi, Mbeya, binti yangu anavaa wigi la nywele za mwanamke wa nchi ambayo hataifika, na akilichoka analitupa kwenye ndoo ya taka. Simlaumu. Pasi yake ya nywele ya umeme haijawahi kuona kitambaa cha kuipangusa, na hilo namlaumu. Lakini ni nani nitakayemweleza sasa kwamba palikuwa na wakati ambapo hofu ya mtu na upendo wake viliweza kukaa ndani ya fundo moja la kanga, na hata mwenye kanga asijue ni lini kimoja kilitoka na kingine kikabaki?

Nilirudisha kila kitu kwenye kopo: rola, machanuo, mkasi, kitana cha moto, na kikaratasi cha kaki chini ya vyote. Nikalifunga kwa ule mpira wa baiskeli. Kaka alinisindikiza stendi, akaniuliza kama kweli nabeba yale makorokoro mpaka Mbeya. Nikamwambia aende akatunge uzi. Kondakta wa basi alitaka kopo liende kwenye buti pamoja na magunia ya watu. Nikamkatalia. Nikaketi dirishani, nikalipakata.